Gunia la Julai liliwe Januari: namna ya kununua chakula kwa jumla Mwanza bila kujidanganya

Gunia langu la kwanza lilikuwa la maharage. Nililinunua Igoma mwezi wa saba, nikarudi nalo nyumbani Nyegezi juu ya toyo, pikipiki ya mizigo, nimekaa pembeni yake kama mtu anayesindikiza bibi harusi. Aliyeniuzia aliniambia, "Mayu (mama, kwa Kisukuma), haya ni ya Kagera, mdudu hayagusi." Oktoba nilipotia mkono ndani, ulitoka na vumbi jeupe mpaka kwenye kiwiko. Kila punje ilikuwa na tundu, duara safi kama limepigwa keekee. Tulichambua jioni tatu mfululizo, watoto wakilalamika, tukaokoa debe moja na kitu. Nilipogawanya pesa niliyotoa kwa kilo tulizokula kweli, niliona ingekuwa nafuu kununua kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, kilo moja moja, tena kwa bei ya mwezi wa tatu.

Sikuacha kununua kwa jumla, ila nilibadili utaratibu. Hizi ndizo hatua ninazofuata sasa.

Hatua ya kwanza: nunua daftari kabla ya kununua gunia

Kwa siku thelathini andika kila chakula kinachoingia jikoni: kilo za mchele, unga, maharage, sukari, vipimo vya mafuta. Usipunguze wala usijibane mwezi huo, maana unataka kujua nyumba yako inakula nini ikiwa imejisahau. Mimi nilidhani tunakula kilo kumi na tano za mchele kwa mwezi. Daftari likasema ishirini. Sisi ni sita, pamoja na kijana anayemaliza kidato cha nne, na huyo mhesabu kama wawili.

Ukikosa daftari, gunia litakuambia tu kwamba limekwisha, halitakuambia limekwisha mapema au kwa wakati wake.

Hatua ya pili: tafuta bei tatu, si mbili

Wengi hulinganisha bei ya dukani leo na bei ya gunia leo. Ongeza ya tatu: bei ya dukani wakati wa uhaba. Huku kwetu mpunga wa Misungwi, Magu, Kwimba, Sengerema na upande wa Shinyanga na Kahama huvunwa zaidi kati ya Mei na Julai. Miezi hiyo mchele unashuka. Ukifika Januari, Februari, Machi, mpunga mpya ungali shambani na ule wa mwaka jana uko mikononi mwa wenye maghala, basi wanakupangia bei.

Sasa tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano, weka za kwako. Tuseme Julai dukani kilo ni 2,000, na gunia la kilo 100 unalipata kwa 1,900 kwa kilo, yaani 190,000. Toyo na mbebaji wanachukua 8,000. Jumla 198,000. Ukipepeta na kuchagua, ukitoa chenga, mawe na vumbi, unabaki na kilo 96. Gawanya: kila kilo inayofika sufuriani imekugharimu 2,062.

Umeona? Dukani ilikuwa 2,000. Ulitoka na laki mbili, ukabeba mzigo, ukatoa jasho, na kila kilo imekuzidi shilingi 62.

Sasa chukua gunia hilo hilo, lifunge, endelea kununua kwa Mangi Julai hadi Desemba, kisha lifungue Januari wakati kilo dukani ni 2,600. Unaokoa karibu 538 kwa kila kilo, na kwa kilo 96 hiyo ni 51,600. Mchele na gunia ni vile vile, tofauti ni siku uliyolifungua. Kwa nafaka, faida kubwa iko kwenye msimu, na wingi peke yake unaleta kidogo. Ndiyo maana sioni sababu ya kununua gunia Julai na kuanza kulichota Julai hiyo hiyo. Ukifanya hivyo linakwisha Novemba, na uhaba unakukuta mikono mitupu kama jirani ambaye hakununua.

Wala hili si jambo geni. Wasukuma wanakata viazi vitamu na kuvianika vikawa michembe, au wanavichemsha kwanza na kuvianika vikawa matobolwa, ili viliwe wakati shamba halina kitu. Hakuna bibi wa Kwimba anayekula michembe huku viazi vibichi vimejaa shambani. Sisi wa mjini tumekopa gunia, tumeacha kalenda.

Hatua ya tatu: pima mkono wa mpishi

Kuna mwizi wa faida ambaye hatumhesabu, naye yuko jikoni. Mchele ukiwa kwenye mfuko wa kilo mbili, kikombe kinajazwa kwa adabu. Ukiwa gunia, kikombe kinapata kilemba.

Rudi kwenye mfano wetu. Nyumba inakula kilo 20 kwa mwezi. Kwa bei ya uhaba, 2,600, hiyo ni 52,000. Gunia likifunguliwa, tuseme mnapanda mpaka kilo 25. Kilo 25 kwa 2,062 ni 51,550. Umeokoa shilingi 450 tu kwa mwezi mzima. Kama hizo kilo tano zimeingia kwenye matumbo ya watoto waliokuwa wakilala nusu njaa, hiyo ni faida na mtu asikuambie vinginevyo. Kama zimekuwa ukoko na kiporo cha kumwagia kuku, basi umewanunulia kuku gunia.

Dawa yangu ni ndogo: gunia halikai jikoni. Kila tarehe mosi napima kilo 20 kwa mizani, naweka kwenye ndoo yenye mfuniko, na jikoni wanajua ndoo hiyo tu. Ikikatika tarehe 26, tunakula ugali na viazi hadi mwisho wa mwezi. Mara ya kwanza kulikuwa na kelele. Mara ya pili kikombe kilirudi kwenye adabu chenyewe.

Hatua ya nne: jua kipi kinastahili jumla

Mchele ndio unaolipa kuliko vyote, kwa sababu hauharibiki haraka na tena unanoga kwa kukaa. Mchele mpya unashikana, ukizidisha maji kidogo umepata bokoboko. Uliokaa miezi kadhaa unachambuka na kukubali maji zaidi. Ukiwa na nafasi, weka mpunga badala ya mchele, kwa sababu ganda linaulinda, kisha upeleke mashineni kidogo kidogo. Lakini piga hesabu sawasawa: kilo 100 za mpunga zinatoa mchele kama kilo 60 hadi 65. Kuna watu wanalinganisha bei ya gunia la mpunga na gunia la mchele kana kwamba ni ndugu pacha.

Mahindi yanalipa, unga haulipi. Dona hasa, kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta, na yakishasagwa yanaanza kuchacha. Ndani ya wiki chache unga unakuwa na uchungu, na mvuke wa huku ziwani hausaidii. Weka mahindi, saga debe kwa debe.

Maharage ni ya kutazama mara mbili, na sisemi hivyo kwa sababu ya kisa changu tu. Hata yasipoguswa na mdudu, yakikaa miezi mingi kwenye joto na unyevu yanakuwa magumu, hayaivi upesi. Yale ya saa moja na nusu yanataka saa tatu. Mkaa huo ni pesa, au gesi hiyo ni pesa, na haionekani kwenye bei ya gunia. Mimi maharage sinunui zaidi ya ya miezi mitatu.

Sukari na chumvi haziozi. Sukari inamlipa mtu mwenye ndoo inayofunga vizuri na watoto wasiojua ilipo. Mwanzoni mwa 2024 ilipoadimika nchini na bei ikapaa, waliokuwa na mfuko ndani walitulia. Usiishi kwa kuotea siku kama hizo, lakini.

Mafuta ya kula kwa dumu la lita 20 yana nafuu ya kweli ukilinganisha na ya kupima. Tatizo ni mkono ule ule wa hatua ya tatu. Mimina kwenye chupa ya lita moja, bandika tarehe, dumu lifiche gizani, maana mwanga na joto vinayachachisha.

Nyanya kwa tenga? Ni za harusi. Vitunguu vilivyokauka shingo vinakaa mwezi na zaidi kwenye chanja penye hewa, usivifunge kwenye nailoni. Sato na sangara kwa wingi ni biashara ya mwenye friza, na mwenye friza ahesabu na LUKU, na siku umeme ukikatika kutwa.

Dagaa wanataka kifungu chao

Kwenye soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba utawaona kwa magunia, na bei inapanda na kushuka kwa kufuata mwezi, mwezi wa angani namaanisha. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Usiku wa giza wanaifuata taa, mitumbwi inarudi imejaa. Mbalamwezi ikitanda taa haina nguvu, wavuvi wengi wanapumzika na dagaa wanapungua. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili huangalia juu kabla ya kwenda: nenda siku za giza, na uende kiangazi. Mvua zinapokuwa nyingi, dagaa hawakauki sawasawa, wanavunda na kugeuka chakula cha kuku, na wachache wazuri wanapanda bei.

Kabla hujalipa, fanya hivi. Chota kutoka katikati ya gunia, si juu. Wazuri wanang'aa rangi ya fedha, wenye wekundu kama kutu mafuta yao yameshachacha. Mvunje mmoja: aliyekauka anakatika kwa sauti, mbichi anajipinda. Nusa. Kisha waombe wakuchotee konzi moja uitie kwenye kikombe cha maji, koroga, subiri kidogo, mwaga maji polepole utazame kitako cha kikombe. Waliokaushwa chini kabisa mchangani wataacha mchanga, na mchanga huo unaununua kwa bei ya dagaa. Waliokaushwa kwenye chanja wana bei juu kidogo. Lipa tu. Nilishafanya jaribio la kikombe mbele ya muuzaji mmoja, akacheka, akaniambia, "Mayu, wewe ni mwalimu?" Kisha akanifungulia gunia jingine lililokuwa nyuma.

Hata hivyo usiweke dagaa wa mwaka. Miezi miwili, mitatu, inatosha. Giza linarudi kila mwezi.

Hatua ya tano: sokoni, amini mizani

Debe ni chombo cha lita 20, si uzito. Kuna debe la kufuta kwa ubao na debe la kilemba, na tofauti yake inaweza kufika kilo nzima au zaidi. Kuna debe lililobonyezwa ubavuni ambalo halijai hata likijaa. Kuna gunia la lumbesa, lile la kushonewa kichwa, ambalo sheria ya vipimo imelikataza na bado unalikuta. Lumbesa linaumiza mkulima kuliko wewe, lakini na wewe pia hujui umenunua nini mpaka ulipime.

Sema mapema: "Nanunua kwa kilo." Tafuta mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Kama una shaka, toa kwenye kikapu pakiti ya kilo mbili iliyofungwa kiwandani, iweke juu uone mshale unasemaje. Huna haja ya kugombana. Mizani ikisema kilo moja na robo tatu, shukuru, salimia, sogea meza ya pili.

Mchele ung'ate kwa jino. Mkavu unakatika "ka!", mbichi unasagika kimya. Tia mkono katikati na chini ya gunia, maana juu huwekwa wa kuonyesha wageni.

Kwa mahindi kuna kipimo cha chumvi. Kausha chumvi vizuri kwanza, hata kwenye kikaango, kwa sababu chumvi ya huku hulala na unyevu. Tia vijiko vichache kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza mahindi hadi nusu, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Usiyafunge. Mahindi mabichi yaliyofungwa yanaota ukungu, na baadhi ya ukungu huo unaleta sumukuvu, ambayo kupika hakuimalizi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi yenye ukungu usiyaoshe, usiyachanganye na mazuri ili yasionekane, na usimpe kuku.

Hatua ya sita: funga kisawasawa

Mdudu haji kwenye gunia akitembea kutoka kwa jirani, mara nyingi umemnunua. Mayai yameshatagwa shambani au kwenye ghala la muuzaji. Ndiyo maana "gunia jipya" halikuokoi, wala majivu kidogo juu ya rundo. Kwenye mahindi kuna dumuzi, yule ambaye wakulima wengine wanamwita Scania kwa kazi anayoifanya. Akianza, unabaki na unga ambao hukuuagiza.

Kinachomwua mdudu bila sumu ni kukosa hewa. Mifuko ya tabaka tatu, miwili ya nailoni ndani na wa kiroba nje, inafanya kazi nzuri kwa sharti moja: kila mfuko ukamuliwe hewa, usokotwe shingo, ukunjwe, ufungwe peke yake. Na usifunguliwe fungua. Kila ukifungua unampa mdudu pumzi.

Kama huna mifuko hiyo, tumia madumu ya lita 20 yaliyoshika mafuta, yakaoshwa kwa sabuni na maji moto na kukauka kabisa kabisa, siku mbili juani bila kifuniko. Dumu moja linaingiza mchele kama kilo 16, kwa hiyo gunia ni madumu sita na salio. Jaza mpaka shingoni, ukigongagonga, ili hewa ibaki kidogo. Uzuri wa madumu ni kwamba unafungua moja, matano yanabaki yamelala. Yapange juu ya mbao, mbali na ukuta. Nyumba nyingi za milimani Mwanza zina ukuta uliokaa kwenye mwamba, na masika unatoa jasho.

Maharage, kabla ya kufunga, yaanike jua kali siku nzima, yachekeche, yapoe, ndipo ufunge. Yakifungwa na moto wake yanatoa unyevu ndani.

Hatua ya saba: pesa ya gunia itoke wapi

Isitoke kwenye mkopo. Kikoba kikikudai asilimia 10 kwa mwezi juu ya zile 198,000, hiyo ni 19,800 kila mwezi. Miezi mitatu ni 59,400, na faida yote ya gunia ilikuwa 51,600. Wala isitoke kwenye ada. Januari ndio mwezi wenyewe wa ada, na gunia halilipi michango ya shule.

Kama kipato chako ni cha kila siku, usimruhusu mtu akuchekee kwa kununua robo. Lakini panda ngazi moja. Tuseme sukari ni 3,000 kwa kilo, na robo unauziwa 800: kilo ya robo robo imekuwa 3,200. Kutoka robo kwenda kilo, na kutoka kilo kwenda kilo tano, ndiko nafuu ya mtu wa kawaida iliko. Haihitaji dumu, toyo, wala kupigana na mdudu.

Njia nyingine ni kugawana. Sisi nyumba nne tunachanga, tunanunua gunia moja, kila mmoja anaondoka na kilo 25 ambazo zinaliwa kabla mdudu hajaamka. Masharti yetu ni mawili: pesa itolewe kabla ya safari ya sokoni, na kugawa kufanyike kwa mizani mbele ya wote. Mara ya kwanza tuligawa kwa ndoo, "tunafahamiana bwana," na wiki mbili salamu zilikuwa fupi.

Hatua ya nane: funga hesabu ya gunia

Siku dumu la mwisho linakung'utwa, andika tarehe. Mstari wangu mmoja kwenye daftari, kwa bei zile zile za mfano, unasomeka hivi: limefunguliwa tarehe 5 Januari, limekwisha tarehe 14 Mei, siku 129. Siku hizo, kwa ulaji wa kilo 20 kwa mwezi, tungenunua dukani kilo 86, yaani 223,600. Gunia lilikuwa 198,000. Tumeokoa 25,600.

Ni nusu ya zile 51,600 nilizomtangazia baba watoto mwezi wa saba. Nusu ya pili imeelezwa pembeni kwa kalamu nyekundu: "Machi, wifi na watoto wawili, wiki tatu."